Kilima Kilichopindisha Mpaka

Mfano huu aliusimulia kwanza Mwinjilisti Anaeli Ndekirwa, katika kanisa la mtaa wetu, Machame, Jumapili ya pili ya Majilio, tarehe 5 Desemba 1971. Wako wanaosema ilikuwa mwaka 1970. Si kweli, kwa kuwa mwaka huo mwinjilisti alikuwa bado chuoni. Alikuwa amesoma kitabu cha historia alichoazimwa na mwalimu wa shule ya kati, chenye habari za mapatano ya kale ya mipaka huko Marekani, kati ya serikali changa ya Wazungu na mataifa ya wenyeji waliokuwapo kabla yao. Watu wa mfano wenyewe aliwatunga, na alisema hivyo kabla hajaanza. Yafuatayo ni maneno yake, kama yalivyohifadhiwa nyumbani kwetu.

*

Ndugu zangu, msiniulize jina la mto wala jina la taifa. Mto ulikuwapo, na kando ya mto palikuwa na watu wanaolima mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, kama sisi tunavyochanganya kahawa na migomba. Na katika watu hao palikuwa na mama mmoja.

Mama huyu alikuwa mtunza maneno. Watu wake hawakuandika. Neno zito likisemwa kikaoni, lilishikwa kwa uzi wa shanga za kombe, nyeupe na zambarau, na uzi ule ulitunzwa na mama huyu. Ukitaka kujua babu zako walipatana nini na jirani, unamwendea. Anautoa uzi, anaupitisha vidoleni, anakwambia. Hakosei. Mnawajua watu wa namna hiyo? Kila ukoo unaye mmoja, na kila ukoo unamwogopa kidogo.

Majira ya baridi yaliyopita, ndui ilipita pale kijijini. Ilimchukulia mama huyu binti yake wa pekee, mtoto wa miaka saba, aliyekuwa na pengo mbele na hodari wa kuiga sauti za ndege. Wakamzika juu ya kilima kidogo mwisho wa shamba la mahindi, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kwanza. Mama alipachagua mwenyewe. Alisema, "Mtoto huyu hakupenda baridi."

Basi mahindi yalipokomaa, ukaja ujumbe wa serikali. Aliyeuongoza alikuwa bwana mmoja mrefu, mwenye viatu vinavyolia akitembea; pamoja naye alikuja mkalimani, na mpima ardhi mwenye mnyororo wa kupimia, na ramani imeviringishwa ndani ya mrija wa bati. Kuhusu ramani hiyo nitawaambia jambo moja tu: mstari ulikuwa umeshachorwa. Ulichorwa mjini, kwa rula, kutoka jiwe kubwa la kaskazini hadi mahali mito miwili inapokutana. Mstari mnyofu, mzuri kuutazama. Nao ulikiacha kile kilima upande wa serikali. Kilima kilitakiwa kwa ajili ya ngome.

Mama akajua, kwa sababu wapima walikuwa wamepita mapema wakipigilia vigingi. Akahesabu hatua kutoka kigingi hadi kaburi, akaona kwamba mpaka ukikaa pale, atahitaji ruhusa ya askari kwenda kumtazama mwanawe.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana mfano wote umekaa hapo. Watu wale hawakuzungumza habari ya ardhi na mtu mwenye machozi. Walisema macho yenye machozi hayaoni mpaka, masikio yaliyojaa kilio hayasikii neno, na koo lenye donge haliwezi kusema kweli. Kwa hiyo kikao chochote kilipoanza, kila upande ulikuja na wafu wake wa mwaka ule. Wenyeji waliwafuta wageni machozi kwa kipande cha ngozi laini ya paa, wakawazibua masikio, wakawapa maji ya kulainisha koo. Halafu wageni nao waliwafanyia wenyeji vilevile. Hapo ndipo kikao kilipofunguliwa. Kabla ya hapo mlikuwa mmekaa tu pamoja kama watu wanaongojea mvua ipite.

Wanawake hawakusema kikaoni, bali walimchagua msemaji wao. Mama huyu alisemewa na kaka yake, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya mto. Asubuhi ya siku ya kwanza mama akamvuta kando.

"Kaka, umemwona yule mrefu? Ana kitambaa cheusi mkononi."

"Nimekiona. Nilidhani ni pambo. Hawa wanajifunga vitu vingi."

"Si pambo. Amefiwa. Na amekifunga mwenyewe, fundo limekaa vibaya. Kama angekuwa ni mke aliyekufa, au mama, angefungiwa na mtu. Ni mtoto, na mkewe hawezi hata kunyanyua mikono."

"Wewe dada, unasoma hata mafundo!"

"Mfute vizuri," mama akasema. "Usiharakishe."

Kaka yake akasimama, akasema maneno matatu ya desturi, ya macho, ya masikio, ya koo, na kwa kila neno akamkabidhi mgeni uzi wa shanga. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika ngozi ya paa. Akaipitisha usoni pa yule bwana, yule bwana aliyekuja kuchukua kilima. Na bwana huyo akalia. Alilia mbele ya askari wake, mbele ya mpima ardhi, akalia kama mtu aliyeshikilia mlango miezi mingi na sasa mkono umechoka. Mkalimani akasema kwa upole, "Alikuwa na binti. Homa ilimchukua mwezi wa nne."

Mama akampa maji. Akanywa. Akapangusa ndevu. Akasema, "Waambie nawashukuru sana. Ni watu wema." Halafu akafungua mrija wa bati, akatandaza ramani.

Nawauliza, ndugu zangu: alikosea wapi?

Hakutukana, wala hakupiga mtu, na ahsante alisema. Alidhani ni makaribisho ya wageni, kama sisi tunavyompa mgeni ndizi kabla hajaeleza lililomleta. Hakujua kwamba ilikuwa zamu yake. Alifutwa, wala hakufuta.

Na wenyeji nao walikuwa na kosa lao, ambalo ni wao tu wangeweza kulifanya. Kwao, kumwambia mtu "nifute machozi" ni aibu kuliko kuiba. Machozi hayadaiwi. Ukiyadai, atakayekufuta amelipa kodi tu. Kwa hiyo wakangoja. Wakasema moyoni: watu hawa wana mwendo wao, labda kwao hufanywa jioni. Ikaja jioni. Labda kwao hufanywa siku ya pili.

Siku ya pili yule bwana akauliza, "Mnakubali mpaka uanzie kwenye jiwe?" Kaka akajibu, "Tumesikia." Akauliza, "Mnakubali ufike kwenye mito?" Kaka akajibu, "Tumesikia." Akaeleza tena kwa fimbo juu ya ramani. "Tumesikia." Mjumbe akadhani wanataka zawadi zaidi. Akaagiza mablanketi. Siku ya tatu akaongeza mablanketi, na vioo, na paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.

"Dada," kaka akanong'ona, "huyu mtu akiendelea hivi tutakufa kwa joto."

Mama hakucheka. "Hajaniuliza," akasema.

"Hajatuuliza sisi sote. Nyumba nane zimefiwa."

"Kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie nini? 'Bwana, tafadhali tuhurumie'? Wewe ndiye mtunza maneno. Niambie ni uzi gani ulionao wenye neno hilo."

Mama hakuwa na uzi huo. Hakuna aliyewahi kuufuma.

Alasiri ya siku ya tatu yule bwana akachoka. Akasimama, viatu vikalia, akasema kwa sauti kubwa, "Mkalimani, waambie hivi. Nimewauliza kwa siku tatu kama mtu anayeuliza ukuta. Kesho mpima wangu atapitisha mnyororo kutoka jiwe hadi mito. Mnyororo hauhitaji jibu." Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, akiangalia chini. Kaka akajibu, "Tumesikia." Safari hii sauti yake haikufika hata mlangoni.

Siku ya nne, asubuhi, mama akapika uji wa mahindi mapya. Hakwenda kupigana na mtu. Ilikuwa siku yake ya kumpelekea mtoto mavuno ya kwanza, kama desturi yao ilivyotaka. Akapanda kilima na chungu kidogo, akakaa chini. Pale kichwani pa kaburi pametundikwa viatu viwili vya ngozi, vidogo hivi, vilivyokuwa vimeshonwa kwa ajili ya baridi iliyokuja na ndui. Havijawahi kukanyaga.

Akawasikia wapima wakija. Mnyororo unapokokotwa kwenye nyasi hutoa mlio wa kitu kinachohesabu. Ukaja, ukaja, ukasimama.

"Kuna mtu kwenye mstari," mpima akasema.

Wakamwomba aondoke, kwa ishara. Hakuelewa, au hakutaka. Aliendelea kumimina uji kidogo kidogo kwenye udongo. Mpima, ambaye hakuwa mtu mbaya, akavua kofia, akatuma aitwe mkubwa wake.

Yule bwana akapanda kilima kwa hasira, mkalimani nyuma yake, na kaka wa mama akihema nyuma ya mkalimani. Alikuja na maneno tayari mdomoni, sijui ni maneno gani. Alipofika juu akaona chungu. Akaona viatu. Akavitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitu ambacho nyumbani kwake kimefungiwa ndani ya sanduku.

Kisha akauliza swali lake la kwanza, tangu afike, ambalo halikuhusu ardhi.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Mkalimani akatafsiri. Mama akaonyesha vidole saba.

"Wangu sita," yule bwana akasema. Akakaa chini, kwenye nyasi, na suruali yake ya kikaoni. "Kwa nini hamkuniambia? Siku tatu nimekaa nanyi. Mlinifuta machozi. Kwa nini hamkusema kwamba na ninyi..."

Hakumaliza. Kaka wa mama akajibu, na hakutumia ile sauti ya kikaoni. "Mgeni, machozi hayadaiwi. Tulikuwa tunakungoja."

Ndipo yule mtu akafahamu siku zote tatu kwa mara moja, kila "tumesikia," na kila blanketi alilotupa katikati ya ukimya ule. Uso wake ukawa mwekundu kama wa mtoto. Akapapasa mfukoni, akatoa leso. Hakuwa na ngozi ya paa, wala uzi hata mmoja. Akapiga magoti mbele ya mama, akaanza yale maneno matatu kama alivyoyakumbuka. Nayo aliyakumbuka vibaya! Alianza na koo, akampa maji kutoka kibuyu cha mpima ardhi. Akaja masikio. Macho, yaliyopaswa kuwa ya kwanza, akayaweka mwisho. Kaka wa mama akafumbua kinywa amsahihishe, na mama, bila kugeuka, akamkanyaga kidole cha mguu.

Leso ilipomgusa, mama alisema jina la mtoto. Alikuwa hajalitamka tangu majira ya baridi. Yule bwana akalirudia, akalikosea, akalirudia tena, mpaka likakaa sawa. Halafu naye akataja la wake.

Wakakaa pale mpaka uji ukapoa. Mwishowe kaka akasafisha koo, akasema, "Haya. Kikao kimefunguliwa. Bwana, ulikuwa unauliza nini kuhusu mpaka?"

Mpima ardhi akacheka kwanza, halafu wote.

Mpaka ukapindishwa. Ulitoka kwenye jiwe, ukaja mnyofu, ukafika chini ya kilima, ukakizunguka, ukaendelea hadi mito. Mpima alisumbuka. "Bwana, mstari haupindi bila sababu. Wakubwa mjini wataniuliza. Niandike nini?"

Yule bwana akafikiri. "Andika: hapa wamelala watoto wetu."

"Wetu? Lakini wako hayuko hapa."

"Andika."

Naye mama akafuma uzi wa mapatano yale, na katikati yake akaweka shanga nyeupe zikizunguka moja ya zambarau. Maisha yake yote alipanda kilimani kila mavuno bila kuomba ruhusa ya mtu. Na kila mwaka, mahindi mapya yalipotoka, yule bwana alikuja, au alituma mtu, wakafutana machozi ya mwaka ule, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Alijifunza kuanza na macho.

Ningetaka kuishia hapa. Nadhani na ninyi mngetaka, namwona Mzee Shuma ameshashika kofia. Lakini bado.

Yule bwana akafa. Mama akafa. Serikali ikatuma mjumbe mwingine, kijana, msomi. Alikuwa na haraka, na wenyeji walipomletea ngozi ya paa alisema hakufiwa na mtu, ahsante. Akafungua ramani, akaona mahali mstari unapopinda. Akasoma: hapa wamelala watoto wetu. Akauliza, "Wa nani?" Hapakuwa na mtu chumbani aliyejua, na aliyeujua uzi wa mapatano alikuwa amekufa. Basi akachukua rula.

Hakuwa mkatili, ndugu zangu. Alikuwa na rula tu. Alichora bila kusita, kwa sababu hakuwahi kulia pale. Na kwa mstari ule mmoja kilima kikaenda, na baada ya kilima shamba, na baada ya shamba mto, na watu wa mama yule wakatembea kwenda mahali ambapo hawakuwa na kaburi hata moja.

Sasa nazungumza na sisi. Wale wa ng'ambo Mungu anawajua.

Sisi tunaopimiana vihamba, mashamba haya ya urithi, hapa mlimani, nani kati yetu ameanza kwa kuuliza, "Umefiwa na nani?" Tunaanza na kamba. Tunaanza na "baba aliniambia mpaka ni mtaro." Ndugu yako anakaa mbele yako ana donge kooni la mwaka mzima, nawe unasema ni mkaidi kwa sababu anajibu "nimesikia." Hajibu kwa kuwa hujauliza! Na wewe mwenye machozi, unasema hayadaiwi. Kweli. Lakini umekaa siku tatu, mwaka wa tatu, unamngoja mtu asiyejua kwamba ni zamu yake. Panda kilimani na chungu chako. Kaa mahali atakapokuona.

Wala tusijidanganye kwamba baba zetu walilia pamoja, basi yametosha. Machozi ya baba hayamfuti mtoto. Kila kizazi kina wafu wake, na kila kizazi kitafute leso yake. Mnapanda nini mpakani, ninyi watu wa Machame? Masale. Na mtu akikosana na jirani, anamchukulia nini mkononi kumwomba radhi? Masale hayohayo! Mungu ameuotesha msamaha palepale penye mpaka, na sisi tunauona tu kama ua.

Jumatano baraza la ukoo mmoja wa hapa litapima kihamba. Siwataji. Wamekaa benchi la tatu na benchi la saba, na nafasi iliyo kati yao mmeiona wenyewe. Nasema nao kwa upendo: kamba ije baadaye. Amina.

*

Waliokuwa benchi la tatu na la saba ni ndugu wawili, Ndesario na Elirehema. Elirehema alikuwa amefiwa na mkewe mwezi wa Mei mwaka huo, na Ndesario, kwa sababu ya ugomvi wa kihamba, hakwenda kuzika.

Jumapili ile Ndesario alitoka kanisani bila kusalimia mtu. Alipofika nyumbani, mkewe, Aikaruwa, alikata jani la sale, akalifunga fundo, akamwekea mkononi. Ndesario akashuka nalo hadi mlangoni kwa ndugu yake. Elirehema alipofungua, hakusalimiwa. Aliulizwa, "Shemeji alisema nini siku ile ya mwisho?"

Kikao cha Jumatano kilifanyika Ijumaa, kwa kuwa Jumatano nzima walizungumza habari za marehemu. Mpaka uliwekwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepadai.

Mwinjilisti Anaeli alifariki Februari 1988. Ndesario alifariki 1994. Elirehema alifariki 2009, akazikwa kando ya mkewe. Aikaruwa yu hai.